Mama Bado, mwanamke anayewaokoa watu na safari za bure kwenda kwa mbunge

Saa kumi na moja alfajiri, mwanamke mmoja ameketi ndani ya kabati la nguo. Hajajificha. Milango ya kabati iko wazi, taa ya chumbani inawaka, na miguu yake imetokeza nje juu ya zulia lililochakaa. Lakini kichwa na mabega vimo ndani, katikati ya mashati ya mumewe na magauni yake mwenyewe, na simu iko mkononi.

"Nguo zinameza mwangwi," anaeleza. "Nikisomea sebuleni nasikika kama mtu aliyetumbukia kwenye pipa."

Uani, mume wake amechuchumaa akiwa amemkumbatia jogoo. Ndiyo kazi yake ya kila Ijumaa: kumshika jogoo na kumfunika kichwa kwa kitambaa mpaka mkewe amalize kurekodi. Yeye ni fundi baiskeli, mtu wa maneno machache, na kazi hii anaifanya kwa uso wa mlinzi wa benki. Siku moja jogoo alimponyoka, akawika katikati ya habari za maji. Wiki nzima watu wakawa wanapiga simu kuuliza jogoo wa mbunge anaendeleaje.

Mwanamke huyu ni karani wa mapokezi katika ofisi ya mbunge wa jimbo. Jina lililoandikwa kwenye kitambulisho chake wanalijua wachache. Wengine wote wanamwita Mama Bado.

Leo Mama Bado hasomi. Amebonyeza kitufe cha kurekodi, akakiachia, akakibonyeza tena. Anasafisha koo, kisha anaiweka simu mapajani. Huko nje jogoo ameanza kulalamika chini ya kitambaa chake.

"Tayari?" mumewe anauliza kupitia dirishani.

"Mwachie tu," anajibu. "Leo hatuna taarifa."

Kwa kawaida, wakati kama huu, ujumbe wake wa sauti huwa uko njiani. Unaingia kwenye makundi ya simu ya wazazi wa shule, ya wauza mboga, ya waumini, ya vyama vya kuweka na kukopa, na kutoka huko unasambaa wenyewe. Huchukua dakika nne au tano. Anataja siku ambazo ofisi itakuwa wazi, mahali maofisa wa vitambulisho watakapokaa, tarehe ya kufunga maombi ya msaada wa ada, na mtaa ambao mafundi wa maji watapita. Ni mambo ya kawaida kabisa, ambayo ofisi yoyote ya mbunge huyatangaza.

Kinachomtofautisha Mama Bado ni mahali anapoanzia. Kila Ijumaa, baada ya salamu, hufungua kwa maneno yaleyale: "Kwanza, ambayo bado."

Halafu anayataja, moja baada ya jingine, kwa sauti ya mtu anayehesabu nguo za dobi. Kisima cha mtaa wa juu, pampu haijaja, msibebe ndoo. Vitambulisho vya walioomba kabla ya likizo havijatoka, msipoteze nauli. Taa za sokoni, fundi alikuja akazitazama akaondoka, atarudi lini hatujui. Hatii chumvi, hamlaumu mtu, na wala haombi radhi kwa niaba ya yeyote. Akimaliza hayo ndipo anapoingia kwenye mazuri.

Mtu asiyelijua jimbo hili anaweza kudhani karani huyu ana kinyongo na bosi wake. Hana. Mtindo huo ulizaliwa barazani, bila kupangwa, miaka sita iliyopita.

Wakati huo alikuwa mgeni ofisini. Alikuwa ametoka kwenye kiwanda cha nguo alikokuwa akipokea simu, kiwanda kikafungwa, akakaa nyumbani karibu mwaka mzima akimsaidia mumewe kuziba pancha. Ofisi ya mbunge ilikuwa ikichapisha jarida la kila mwezi kwenye karatasi zinazong'aa, lenye picha za mheshimiwa akikata utepe. Watu walilipokea kwa heshima zote, wakalikunja vizuri, wakaenda kuliuza kwa wauza karanga.

"Nilinunua karanga njiani, nikafungua, nikamkuta mheshimiwa anacheka chini ya chumvi," anasema. "Nikajiuliza, sasa hii pesa ya wino inasaidia nini?"

Akaanza kuwasomea jarida watu waliokaa kwenye mabenchi ya baraza, wengi wao wazee ambao macho yao hayapatani tena na maandishi madogo. Walisikiliza kwa adabu. Mheshimiwa amefanikisha hiki, mheshimiwa amezindua kile. Siku moja mzee mmoja mstaafu wa reli akanyanyua mkono kama mwanafunzi.

"Mwanangu, hayo tumeyasikia," alisema. "Ambayo bado ni yapi?"

Benchi zima likacheka. Mama Bado naye akacheka, kisha akagundua kwamba jibu analo. Kila jambo lililokwama lilikuwa limepita kwenye dirisha lake. Akayataja kutoka kichwani, palepale, akiwa amesimama na jarida mkononi.

Alipomaliza, karibu nusu ya watu wakanyanyuka, wakakung'uta nguo, wakaondoka.

"Roho ilinipaa. Nilijua nimewaudhi, na kazi ndiyo imekwisha," anakumbuka. "Halafu bibi mmoja akarudi kunishika mkono. Akaniambia, 'Mimi nilikuja kuuliza hilo hilo la kisima. Kama ni bado, basi bado. Ngoja nikawahi shamba langu.' Hakuwa amekasirika hata kidogo. Nilikuwa nimemwokolea siku yake."

Hapo ndipo alipoielewa kazi yake. Nusu ya watu waliokuwa wakikaa kwenye yale mabenchi hawakuja kuomba chochote. Walikuja kuuliza kama kile walichoahidiwa kimefika, wakitoka mbali, wakilipa nauli ya kwenda na kurudi, ili waambiwe njoo wiki ijayo.

Mama mmoja muuza nguo za mitumba aliyekaa mwisho wa benchi alimrekodi siku ile kwa simu yake na kuwarushia wenzake. Ijumaa iliyofuata watu wakauliza ya wiki hii iko wapi. Baada ya miezi michache jarida lilikoma kuchapishwa, na wauza karanga wakarudi kwenye magazeti.

Mbunge alipolisikia jambo hilo hakufurahi. Lakini aliona foleni ya Ijumaa imepungua, na wale waliofika walikuwa na shida ya kweli anayoweza kukaa nao akaitatua. Akakaa kimya. Katika siasa, Mama Bado anasema, kimya ndiyo ruhusa ya maandishi.

Ana masharti yake. Kila Alhamisi huwapigia simu wahusika wa kila jambo, na jibu analolikubali ni moja kati ya mawili: limefanyika, au bado. Ukimwambia linashughulikiwa, anakuweka kwenye bado. Ukimwambia liko mezani kwa mkubwa, bado. Na hata ukimwambia limefanyika, lazima apatikane mtu aliyeliona kwa macho yake.

Kwa daraja la waenda kwa miguu, mtu huyo ni mama yake mzazi.

Mto wenyewe ni mdogo. Wakati wa kiangazi unavuka kwa kurukaruka mawe bila kulowesha kidole. Mvua zikianza ni habari nyingine. Upande wa pili kuna mamia ya nyumba, na zahanati, shule na soko viko upande huu. Anayeogopa mto huzunguka kwa barabara kuu, safari ya karibu saa nzima kwa mwendo wa mtu mzima. Mbunge aliahidi daraja alipoomba kura. Mwanzoni mwa mwaka huu akaahidi tena, safari hii akasema litakuwa tayari kabla ya mvua.

Nguzo za chuma zililetwa kweli. Zikalazwa ukingoni, mkandarasi akapiga picha, akaondoka na mashine zake.

"Mama amezipatia kazi," anasema Mama Bado. "Anaanikia shuka. Kila Alhamisi namuuliza, mama, daraja vipi? Ananijibu, 'Nguo zimekauka vizuri.'"

Mvua zimeshaanza kunyesha vilimani. Na jana jioni, kwenye simu ya Mama Bado, ukaingia ujumbe kutoka kwa katibu wa mbunge. Ulikuwa taarifa ya Ijumaa, imeandikwa tayari, asome tu. Haikuwa na sehemu ya bado. Kwenye aya ya pili ilisema: "Ujenzi wa daraja la waenda kwa miguu uko katika hatua za mwisho."

Mkataba wake unaisha mwisho wa mwezi huu, na anayeandaa mikataba ni katibu huyo huyo.

Mshahara wake si wa kutajwa kwa kujivuna. Unalipa kodi ya vyumba viwili na chakula, basi. Binti yake mkubwa yuko chuo cha uuguzi mwaka wa pili, na ada yake inalipwa kwa baiskeli za mtaa mzima zinazoharibika. Mdogo anamaliza sekondari. Mumewe amekuwa na maumivu ya mgongo tangu mwaka jana na hawezi tena kuinama kutwa. Wakiukosa mshahara huo, yule wa chuoni ndiye atakayerudi nyumbani kwanza.

"Usiku sikulala," anasema, akijitoa kabatini na kutundika upya shati lililoanguka. "Nilijiambia, soma tu, ni sentensi moja. Nani atakulaumu? Halafu nikamkumbuka mama."

Mama yake ana presha, na kila mwezi huenda zahanati kuchukua dawa. Safari hii siku yake ni Jumatatu.

"Mama yangu hasikilizi redio. Ananisikiliza mimi. Nikisema hatua za mwisho, Jumatatu atateremka mtoni kuangalia, na akishafika pale hatakubali kurudi kuzunguka. Namjua. Atavua viatu."

Mvua za mwaka jana, uvumi tu kwamba mawe ya mtoni yameinuliwa ulimponza mwanamke anayeishi jirani na mama yake. Maji yalimbeba, na watu wakamnasa mbele huko kwenye matete, mzima, bila kapu lake na bila kiatu kimoja. Mpaka leo, Mama Bado anasema, mwanamke huyo akisikia maji ya bomba yakifunguliwa kwa nguvu anashtuka.

Anavaa viatu vyake vya kazini. Mumewe anamtazama, hatimaye anamfungulia jogoo aende zake, ananawa mikono.

"Unaenda kumwambia?" anauliza.

"Naenda kumwambia."

"Haya." Anafikiri kidogo. "Ila adabu yako uilinde."

Ofisi ya mbunge ni nyumba ya zamani yenye vyumba vinne na baraza pana. Dirisha la mapokezi lina kioo kilichokatwa tundu chini mno, kiasi kwamba kila anayeuliza jambo huinama kwanza, apende asipende. Ndani kuna meza, kiti chenye mto alioushona mwenyewe, feni inayogonga kila inapozunguka, na simu ya mezani ya ofisi.

Anapofungua mlango, simu hiyo inalia tayari. Na ya mkononi nayo.

"Hapana, siumwi," anamwambia wa kwanza. "Hapana, hakuna msiba," anamwambia wa pili. Wa tatu, mwenyekiti wa soko, anataka kujua kama aende kwenye vitambulisho au asiende. "Usiende kwanza, baba. Nitawaambia."

Katibu anaingia akiwa na mfuko wa kompyuta begani na macho mekundu ya mtu aliyelala kidogo. Ni kijana wa miaka thelathini na kitu, mchapakazi, na hakuna anayemsema vibaya ofisini, hata Mama Bado mwenyewe.

"Dada, taarifa haijatoka," anasema taratibu.

"Haijatoka, mdogo wangu. Siwezi kuisoma ile."

Katibu anavuta kiti na kukaa. Hagombi. Anatoa simu yake na kufungulia sauti iliyorekodiwa mbele ya duka moja. Ni sauti ya Mama Bado, imekatwakatwa na kuunganishwa: daraja bado, maji bado, taa bado, daraja bado, maji bado. Chini yake kuna ngoma.

"Wapinzani wanaipiga kwenye vipaza sauti tangu wiki iliyopita," anasema. "Na tatizo ni kwamba ni nzuri. Mimi mwenyewe nilijikuta natikisa kichwa." Anaizima. "Watu hawa tumewachimbia visima vitano, dada. Vitano. Nani anaviimba? Uchaguzi uko mlangoni. Nakuomba miezi michache tu, halafu utarudi kwenye bado zako."

Baadaye, akizungumza na mwandishi kando, alisema neno jingine. "Namheshimu sana. Ila mshahara wake na wangu unatoka mfuko mmoja, na mfuko huo ukipotea kwenye sanduku la kura, hakuna atakayewasomea watu hawa chochote, kizuri wala kibaya." Si hoja ya kupuuza.

Mama Bado haipuuzi. "Kuacha bado naweza," anamjibu. "Itaniuma, lakini naweza. Niseme visima, nimalize. Lakini hilo la hatua za mwisho ni la uongo, na kuna watu wataliendea mtoni kwa miguu yao."

"Ni lugha tu, dada."

"Mvua haijui lugha, mdogo wangu."

Mheshimiwa anafika wakiwa hapo. Ni mwanamume mnene, mpole wa mwendo, viatu vimejaa matope ya njiani. Ijumaa ndiyo siku yake ya kukutana na wananchi, na mabenchi barazani yameshaanza kujaa. Anawasalimu wazee mmoja mmoja, anaingia, anasimama mbele ya dirisha la mapokezi kwa upande wa ndani.

"Leo nimenyoa ndevu kimyakimya," anasema. "Nimezoea kunyoa nikikusikiliza. Kuna nini?"

Mama Bado anamweleza. Hazunguki. Mikono ameikunja mapajani. Anamweleza ujumbe wa jana, nguzo zilizolala ukingoni, shuka za mama yake, dawa za Jumatatu. Anamaliza kwa kusema kwamba mkataba wake anaujua unaisha lini, na kama mheshimiwa akiona apatikane msomaji mwingine, yeye ataelewa, ila asiambiwe aitamke sentensi ile kwa kinywa chake.

Mheshimiwa anamgeukia katibu. "Mkandarasi umempata?"

"Hapokei simu, mheshimiwa."

"Tangu lini?"

Katibu anatazama kiatu chake. "Tangu mwezi uliopita."

Mbunge anajikuna kidevu alichokinyoa, na ukimtazama huoni malaika wala shetani, unamwona mtu anayepiga hesabu. Akazimaliza.

"Wakiikata sauti yake, wanasema mtumishi wangu mwenyewe amenichoka," anamwambia katibu. "Wakiikata yangu, watasema nini? Nipeni simu. Nitasema mwenyewe."

Katibu anafunika uso kwa viganja viwili. Mama Bado anasimama, na hapo kazi yake inamshika: anasema pale mezani hapafai, feni itaharibu. Anaizima feni, anatafuta mahali, na mwishowe anamweka mheshimiwa nyuma ya pazia zito la dirisha la chumba cha mikutano, likamfunika kuanzia kichwani mpaka magotini. Kutoka kule nyuma inasikika sauti ya mbunge ikiuliza kama aanze.

"Salamu kwanza, mheshimiwa. Halafu ambayo bado."

Anaanza. Anasema yeye ni mbunge wao. Anasema daraja la waenda kwa miguu bado, nguzo zimelala ukingoni, mkandarasi hapatikani. Anasema aliahidi litakuwa tayari kabla ya mvua na halitakuwa tayari, na mtu yeyote wa ng'ambo asivuke mtoni, azunguke kwa barabara mpaka atakaposikia tena. Kisha anataja maji, taa, vitambulisho. Mwisho kabisa anavitaja visima vitano, haraka haraka, kama mtu anayekumbuka kufunga mlango akiwa ameshafika barabarani.

Mama Bado anaisikiliza mara moja na kuituma kwenye makundi yote. Anawasha feni. Kila mtu anarudi kwenye kazi yake, na kwa muda mfupi ofisi inatulia.

Simu ya kwanza ni ya mwenyekiti wa soko.

"Mama, umeibiwa simu?"

"Sijaibiwa, baba. Kwa nini?"

"Kuna tapeli kwenye namba yako anajifanya mheshimiwa. Sauti kaiweza, nampa heshima yake. Ila kajisahau, anasema daraja halijajengwa. Mbunge gani anasema hivyo?"

Wa pili ni mwalimu, naye ana wasiwasi huohuo. Wa tatu hakupiga kuuliza, amepiga kutoa taarifa kwamba ameshatahadharisha kundi zima la wazazi: mtu huyo akiomba pesa msitume. Mama Bado anaeleza, anarudia, anaapa. Mwenyekiti wa soko anapiga tena kusema ameamini, lakini wenzake pale sokoni wamegoma kabisa, na mmoja anadai amemtambua tapeli, ni shemeji yake.

Mheshimiwa ametoka chumbani kwake kwa kelele hizo. Amesimama nyuma ya kiti cha karani wake, mikono mfukoni, na uso wake ni vigumu kuusoma. Barazani wazee wamesikia kila kitu kupitia tundu la kioo, na wanajitahidi kutocheka mbele ya mwenye nyumba.

Simu ya mkononi inalia tena. Mama Bado anaitazama na kukaa wima.

"Mama, shikamoo."

Sauti upande wa pili ni ya juu kiasi kwamba hakuna haja ya kuisogelea. "Marahaba. Wamekufukuza?"

"Hawajanifukuza, mama."

"Usinifiche, mwanangu. Nimesikia mwanamume anasoma kwako. Jirani ananiambia ni mwizi."

"Ni mheshimiwa mwenyewe, mama. Yuko hapa."

"Nipe."

Mbunge ananyoosha mkono, anaipokea simu. Anasalimia kwa heshima, anajitambulisha.

"Kama wewe ndiye," anasema mama wa ng'ambo, "uliingia kwangu kuomba kura. Ulikaa ndani. Ulikalia nini?"

Mheshimiwa anahamishia simu sikio la pili. Anamtazama Mama Bado, ambaye naye hajui. Anatazama dari.

"Sikumbuki, mama," anasema. "Nilipita nyumba nyingi. Sikumbuki."

"Basi ni wewe," anasema yule mama. "Tapeli angesema kiti." Anavuta pumzi. "Ulikalia ndoo. Viti walikalia wale uliokuja nao. Sasa nisikilize. Jumatatu nitazunguka kwa barabara, nitatoka mapema. Wenzangu nitawaambia wazunguke. Ila miguu yangu ndiyo hii ya kizee, na wewe umeijua leo. Nipe mwanangu."

Mbunge anamrudishia karani simu yake. Alitoka nje hadi barazani, akachukua nafasi mwisho wa benchi kati ya wazee wawili, na palepale akaanza kumtafuta mkandarasi kwa simu, namba moja baada ya nyingine, mbele ya watu. Hakumpata asubuhi hiyo. Mwandishi alipoondoka mchana alikuwa angali anapiga.

Mama Bado alilia kidogo, akajifuta kwa kiganja, akainama kwenye tundu la kioo kumsikiliza aliyefuata. "Sikulia kwa huzuni," anasema. "Nililia kwa sababu tangu jana nilikuwa namwona mama yangu ameshika viatu mkononi."

Jioni, kama Mama Bado alivyosimulia baadaye kwa simu, katibu alipita mezani kwake na kuweka mkataba mpya bila maelezo mengi. Kuna badiliko moja: kuanzia sasa mheshimiwa ndiye atakayesoma ambayo bado, na yeye atasoma huduma na ratiba. Katibu alieleza kwamba kwa namna hiyo wenye vipaza sauti watakosa cha kukata. Mama Bado alisaini. Haoni haya kukiri kwamba ilimchoma kidogo. Sehemu ile ilikuwa yake, na mtu hupenda chake.

"Lakini nilimwambia mheshimiwa, Alhamisi simu za kuuliza nitapiga mimi," anasema. "Yeye asome. Asijiulize mwenyewe, atajihurumia."

Kuhusu maisha ya mbele, mipango yake ni ya karibu. Anataka binti amalize uuguzi. Anataka mumewe apate kijana wa kumsaidia kuinama. Na daraja likisimama, siku hiyo hataki yeye wala mbunge alitangaze.

"Nitamfuata mama nyumbani kwake," anasema. "Tutavuka naye taratibu, na simu nitampa yeye. Atasema mwenyewe. Watu wakipiga kuuliza kama ni kweli, atawajibu yuko katikati ya daraja, na wakitaka wasikilize maji yanapita chini."